Mbolea ya Kalehe ilienda wapi?



Kila msimu wa kulima unapokaribia, swali moja linarudi katika mikutano yetu: "Juu ya nini hatuombi wafadhili watuletee mifuko ya mbolea ya kizungu, kila mtu apate mfuko wake, mambo yaishe?" Na kutoka upande wa pili, wafadhili wanatuuliza: kama mbolea ya asili ni nzuri vile mnasema, mbona mavuno bado ni madogo?

Maswali haya mawili yana jibu moja. Ni jibu refu kidogo, kwa sababu ni historia. Udongo wa Kalehe haukuzaliwa ukiwa mchovu. Ulikuwa na mbolea yake, tena ya namna nyingi, na kila namna iliondoka kwa wakati wake na kwa sababu yake. Tukijua iliondoka kwa njia gani, tutajua pia ni kwa njia gani inaweza kurudi, na ni ipi haitarudi.

Mbolea ya kwanza ilikuwa kupumzisha

Wazee wetu hawakuwa na neno "mbolea" kama tunavyolitumia leo. Walikuwa na desturi. Shamba la karibu na nyumba lilikuwa la migomba. Huko ndiko kulitupwa majivu ya jikoni, maganda, majani yaliyofagiliwa, na mavi ya ng'ombe na mbuzi. Mgomba ulikula kila siku kama mtu wa nyumbani. Mashamba ya mbali, ya maharagi, uwele, mtama na baadaye muhogo, hayakupata kitu hicho. Yenyewe yalipewa usingizi. Mtu alilima miaka michache, kisha akaacha majani na vichaka viote, akahamia upande mwingine. Mizizi ya vichaka ilipanda na chakula kutoka chini, majani yakaanguka na kuoza, na alipofyeka tena alikuta udongo mweusi.

Kwa macho ya mtu asiyejua, shamba linalolala linafanana na pori lisilo na mwenyewe. Hapo ndipo shida ilianza. Mwaka 1885 Dola Huru la Kongo lilitangaza kwamba ardhi "zisizokaliwa" ni mali ya serikali. Huku kwetu maneno hayo hayakusikika mara moja, lakini yalifika. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, ile iliyojulikana kama CNKi, ikapewa uwezo wa kugawa ardhi kubwa kwa wakoloni walowezi na makampuni. Vilima vya kando ya ziwa na vya juu yake vikapandwa kahawa, chai na kinkina. Ardhi iliyoandikwa "tupu" katika makaratasi mara nyingi ilikuwa ni ghala yetu ya mbolea iliyokuwa imelala.

Mwenye kupoteza shamba linalolala hapotezi chakula cha mwaka ule. Analima lile lililobaki. Lakini lililobaki linalimwa kila msimu, bila kulala, na baada ya miaka linaanza kutoa maharagi yenye majani ya njano. Hasara hii ni ya polepole, na ndiyo maana wengi wetu tunafikiri ni udongo wenyewe ulioharibika.

Fimbo na mifereji

Wakoloni nao waliona kwamba udongo unakimbia. Watu walikuwa wamesongamana katika miteremko, na mvua ya Kivu haina huruma. Kituo cha INEAC kule Mulungu, katika Kabare, kilikuwa kinachunguza kahawa, chai, kinkina na udongo wa milima hii. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, utawala ukaamuru watu wachimbe mifereji ya kukinga maji, wapande majani ya tembo kwenye kingo, walime kwa kufuata mstari wa mlima.

Ukiangalia kazi yenyewe, haikuwa mbaya. Mfereji uliochimbwa sawasawa unashika maji na udongo. Majani ya tembo yanashika ukingo na kulisha mifugo. Hata leo agronomu atakuambia ufanye vile vile. Ubaya ulikuwa katika njia. Ilikuwa kazi ya lazima, juu ya kazi nyingine za lazima ambazo wakati wa vita zilikuwa zimepandishwa kutoka siku 60 hadi 120 kwa mwaka. Asiyechimba alilipa faini, alifungwa au alipigwa. Wakati huohuo, ardhi nzuri iliyokuwa tambarare ilikuwa ndani ya mashamba ya walowezi. Mtu alilazimishwa kuokoa mteremko kwa sababu bonde lilikuwa limechukuliwa.

Uhuru ulipofika 1960, watu wengi katika Kivu waliiacha mifereji ijae, na wengine waliifukia kwa mikono yao. Watoto wa leo wanashangaa: "Wazee walikuwa wanaharibu kitu kizuri juu ya nini?" Juu ya fimbo. Kisha wakati wa Mobutu ilikuja salongo, nayo ilianza kwa maneno mazuri ya kujenga nchi, ikaishia kuwa kazi ya bure mbele ya askari. Tunalisema hili kwa marafiki wetu wafadhili bila kuwalaumu: mtu akija Kalehe na ratiba ya kuchimba mifereji, kuna kumbukumbu inayoamka hapa hata kama hakuna anayeitaja.

Mwaka 1973 mambo mawili yalifika pamoja. Sheria ya ardhi ya 20 Julai ilisema ardhi yote ni ya serikali. Kuhusu ardhi za kimila, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba amri ya Rais ingekuja kupanga haki za wenyeji. Amri hiyo haikutoka kwa miongo mingi. Na mwisho wa mwaka huohuo zairianisation ilinyang'anya mashamba makubwa mikononi mwa wageni na kuyagawia wakubwa wa nchi. Mengi yalikufa: kahawa ikawa kichaka, chai ikawa miti. Lakini ardhi haikurudi kwa wakulima. Ilibadilisha tu jina la mwenyewe.

Mbolea ya pili ilikuwa na miguu minne

Ng'ombe katika Buhavu na Bushi alikuwa zaidi ya nyama na maziwa. Alikuwa ni hati ya shamba. Kwa desturi ya kalinzi, mtu alitoa ng'ombe au mbuzi kwa chifu, akapata ardhi ambayo watoto wake wangerithi. Ng'ombe pia ndiye aliyebeba rutuba: alikula majani kule mlimani mchana, akalala nyumbani usiku, na asubuhi mama alikusanya mavi na kuyapeleka kwenye migomba. Bila gari, bila mfuko, chakula cha mlima kilishuka kwa miguu.

Kisha zikaja zile zama tunazozijua wenyewe. Julai 1994 zaidi ya wakimbizi milioni moja walivuka kutoka Rwanda, na kambi zikajaa kaskazini na kusini mwa ziwa. Mwaka 1996 vita vya kwanza, 1998 vya pili. Halafu makundi yasiyohesabika katika milima ya kati na ya juu. Ng'ombe ni mali inayotembea, na kwa hiyo ni mali rahisi kuibiwa: mwenye bunduki anaifukuza mbele yake tu. Katika miaka michache mazizi ya Kalehe yakawa tupu. Wengi waliandika kuhusu maziwa yaliyopotea. Wachache waliandika kuhusu mavi yaliyopotea, lakini migomba iliyajua.

Na migomba yenyewe haikusazwa. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa bakteria ulionekana kwa mara ya kwanza katika Kongo, kule Masisi, kisha ukashuka kusini mpaka kwetu. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, ndani zimeoza, na ukikata shina linatoa usaha wa njano. Nyumba iliyoishi kwa kasiksi na ndizi ilijikuta na shamba la muhogo, na muhogo haufuniki udongo kama mgomba.

Waliobaki ni wadogo. Wakati ng'ombe walipokuwa wanafukuzwa, kuna mnyama mmoja aliyekaa kimya chini ya kitanda na pembeni ya jiko: kobayi. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, lakini kwa Kivu amekuwa mtoto wa nyumbani. Askari hapotezi muda kwa kobayi. Mama anayekimbia anaweza kuweka watatu ndani ya kikapu. Anabeba mimba kwa miezi miwili na siku chache tu, anazaa wawili au watatu. Anakula majani na maganda, na mavi yake ni makavu, madogo, rahisi kukusanya. Kwa miaka mingi tulimdharau kama mchezo wa watoto. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyebaki na kazi ya ng'ombe.

Tuliporudi

Sisi tulirudi kwa mafungu. Wengine walikuwa Idjwi, wengine Bukavu, wengine Goma, wengine ng'ambo ya mpaka. Wengine walirudi, wakakimbia tena, wakarudi tena, na mapigano ya mwanzo wa 2025 yalipofika Minova na Nyabibwe, hesabu ya nani amerudi na nani hajarudi ikaanza upya. Ndiyo maana chama chetu hakina orodha inayotulia.

Aliyerudi anakuta nini? Mara nyingi shamba lake lina mtu mwingine, au liko juu mlimani mahali ambapo hathubutu kulala. Basi anatafuta bwasa: shamba la kukodi, kwa msimu au kwa mwaka, kwa franka, kwa sehemu ya mavuno au kwa siku za kazi. Na desturi ya bwasa ina masharti yake: usipande mgomba, usipande mti, usiweke kitu cha kudumu, kwa sababu kitu cha kudumu ni dai.

Hapa tusimulie jambo lililotupata. Baadhi yetu, akina mama wa likelemba moja, walikodi kipande cha ardhi iliyokuwa imekwisha kabisa. Walibeba komposti kwa vikapu, wakaweka majivu, wakapanda maharagi ya kupanda juu ya miti. Msimu wa kwanza haukuwa kitu. Msimu wa pili jirani walikuja kuangalia. Kabla ya msimu wa tatu, mwenye shamba alisema analihitaji mwenyewe. Hakuvunja mapatano, kwani mapatano yalikuwa ya msimu tu. Mama mmoja alituambia: "Ile udongo ilikuwa na njaa sawa sisi. Tulilisha yeye, sasa anaenda kulisha mwingine." Tangu siku ile hakubeba tena kikapu kwenye shamba la kukodi, na hakuna kati yetu aliyeweza kumwambia amekosea.

Ndugu wafadhili, hili ndilo jibu la swali lenu. Mbolea ya asili inafanya kazi, lakini inachelewa. Mfuko wa dukani unalipa msimu huohuo. Komposti inalipa kidogo mwaka huu, zaidi mwaka ujao, na zaidi mwaka wa tatu. Anayelima kwa msimu mmoja hawezi kungoja miaka mitatu. Kwa hiyo akipata franka atanunua ile ya mfuko kama anaweza, na asipopata ataunyonya udongo ule jinsi ulivyo na kuuacha.

Hesabu ya kweli

Ndugu wanachama, sasa zamu ya swali letu. Tusidanganyane kwamba mfuko ni sumu na mavi ni dawa. Tufanye hesabu.

Mbolea ya viwandani ni kitu kipya duniani. Fritz Haber wa Ujerumani alionyesha mwaka 1909 namna ya kutoa naitrojeni hewani, na kiwanda cha kwanza kikubwa kilianza 1913. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Mavi mabichi ya ng'ombe yana kama nusu ya kilo kwa kila kilo 100. Ili ufikie mfuko ule mmoja unahitaji zaidi ya tani nne za mavi, kwa kikapu, juu ya mlima. Hakuna anayeweza kuwaambia akina mama kwamba hiyo ni bure.

Lakini hesabu ina upande wa pili. Yurea haina kitu kingine zaidi ya naitrojeni. Haileti ule weusi unaofanya udongo ushike maji. Na udongo wetu mwingi wa miteremko ni mwekundu na mchachu: unaifunga fosfori mpaka mmea hauipati. Katika udongo wa namna hiyo unaweza kumwaga mbolea ya duka na usione tofauti kubwa. Watafiti waliofanya kazi katika Kivu ya Kusini miaka ya 2000, pamoja na mradi wa CIALCA, walikuta mashamba ambayo hayaitikii mbolea vizuri mpaka yapewe kwanza vitu vya kuoza. Kwa hiyo mavi na mfuko si maadui. Mwenye kidogo cha mfuko akikichanganya na komposti shimoni, kitafika mbali zaidi.

Kisha bei. Mwaka 2006, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kwamba mkulima atafikia kilo 50 za virutubisho kwa hekta kabla ya 2015. Kongo yetu ilibaki kati ya nchi zinazotumia kidogo kabisa. Mfuko unaofika Kalehe umevuka mipaka na vizuizi, na kila kizuizi kimekula sehemu yake. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei dunia nzima, hata wale wachache waliokuwa wananunua waliacha. Tuliwahi kupewa mifuko ya msaada. Msimu ule maharagi yalicheka. Msimu uliofuata msaada haukuja, na hapakuwa na kitu cha kurithi kutoka kwa ule wa kwanza.

Vilivyobaki mikononi mwetu

Titonia: yale majani machungu yenye maua ya njano kama alizeti, yanayoota kando ya barabara bila kuulizwa. Ilitoka Meksiko. Watafiti wa Kenya ya magharibi waliipima: majani yake makavu yana karibu asilimia 3.5 ya naitrojeni na asilimia 4 ya potasiamu, kuliko mavi mengi. Ila mabichi ni maji matupu sehemu kubwa, kwa hiyo kilo 100 mbichi zinatoa kama nusu kilo ya naitrojeni. Ikate kabla ya maua, iwe laini, uifukie mahali pa kupanda au uiweke kwenye komposti. Anayeipanda kwenye ukingo wa shamba hapati shida ya kubeba mbali.

Maharagi ya kupanda juu ya miti: yanatafuta sehemu ya naitrojeni hewani kwa msaada wa vijidudu vya mizizi, na yanaacha majani mengi. Soya inafanya hivyo zaidi. Lakini tukivuna kwa kung'oa na kuchoma mabaki, tumechoma mshahara wetu. Kata, acha mizizi, rudisha majani.

Majivu: yanapunguza uchachu wa udongo na yana potasiamu. Yasichanganywe na mavi mabichi, kwani yanafukuza naitrojeni hewani.

Kobayi na mbuzi: wafungwe, walale juu ya majani makavu, na majani yale yaliyoloa mkojo yaende shimoni. Mkojo ndio wenye naitrojeni nyingi, nao ndio tunaoupoteza.

Kwa migomba: ukiona mnyauko kata shina lenye ugonjwa chini kabisa, safisha panga kwa moto, na vunja ua la dume kwa kijiti cha panda, si kwa panga.

Na kingo: majani ya tembo, setaria, kaliandra. Hatusahau tarehe 4 Mei 2023, mvua ilipoteremsha mlima juu ya Bushushu na Nyamukubi, siku ya soko. Zaidi ya watu 400 walizikwa na maelfu walitafutwa bila kuonekana. Hatusemi kwamba mstari wa majani ungezuia mawe yale. Tunasema kwamba mlima uliovuliwa nguo hauna kitu cha kushika. Kazi ya kingo tutaifanya wenyewe, kwa zamu, shamba la huyu leo na la yule kesho, bila askari na bila faini.

Tunachoomba

Kwa machifu wa vijiji na wa vikundi, na kwa wenye mashamba makubwa: mturuhusu bwasa ya miaka mitatu au zaidi, iliyoandikwa, yenye mashahidi. Ndani yake iandikwe kwamba aliyeweka mbolea na kingo hatatolewa kabla ya muda, au akitolewa atalipwa kazi yake. Hatudai ardhi ya mtu. Mwenye shamba atarudishiwa udongo bora kuliko alioutoa.

Kwa wafadhili: kabla ya mifuko, tusaidieni kulipa kodi ya miaka hiyo mitatu mara moja, na kuanza na kobayi na mbuzi wachache wanaozunguka kutoka nyumba hadi nyumba. Kama kuna fedha za mifuko, iwe michache, ya kuchanganya na komposti. Na msituhesabie mavuno kwa msimu mmoja. Rudini mwaka wa tatu.

Kwa wanachama: kila nyumba ianze shimo moja, karibu na jiko, hata wale wasio na shamba. Komposti inauzwa, na inabebwa. Ukilazimika kuhama shamba, ile iliyo bado shimoni ni yako.

Yule mama wa likelemba ameshachimba la kwake. Amesema komposti yake haitoki pale mpaka aone karatasi.